Ukurasa wa Nyumbani: Nyota ya Pembe Nane na Karatasi ya Friza



Wako watu wanaoidharau kazi ya kuunga vipande vya nguo, husema ni kazi ya viraka, na kiraka ni alama ya ufukara. Maneno haya si ya kweli. Kiraka hutiwa juu ya tundu ili kulifunika. Ama kipande katika mfarishi hakifuniki kitu, bali chenyewe ndicho nguo. Kwa sababu hiyo kosa lake halina pa kujificha. Kiraka kikienda upande, shati litavaliwa vivyo hivyo. Kipande cha mfarishi kikienda upande, jirani yake naye huenda upande, na jirani wa jirani, hata ukifika ukingoni huoni tena mraba, waona kitu kisicho na jina.

Tufanye hesabu kidogo, maana wengi hawaamini mpaka waone hesabu. Chukua safu moja ya vipande kumi na sita. Mishono inayoviunga ni kumi na tano. Ikiwa mshonaji amezidisha akiba ya mshono, yaani ile nguo inayobaki ng'ambo ya uzi, kwa milimita moja tu katika kila kipande, basi kila mshono umekula milimita mbili, na safu nzima imepungukiwa na milimita thelathini. Safu ya pili akaishona sawasawa. Sasa azilete pamoja safu mbili hizo: moja imezidi nyingine kwa sentimita tatu, na hapana namna ya kuzikutanisha ila kwa kuvuta na kukunja. Fundi wa kanzu haitambui milimita moja, wala hana haja ya kuitambua, kwa kuwa kanzu ina mishono michache na mwili wa mtu husamehe. Mfarishi hausamehi.

Na hiyo ni safu iliyonyooka. Ama nyota ya pembe nane, ile tuionayo katika milango, katika majalada ya vitabu na katika kuta za Alhambra kule Granada, ina taabu yake nyingine. Katika nguo hufanywa kwa vipande vinane vya umbo la kashata, ncha zote nane zikakutana katikati. Mzunguko mzima ni digrii 360. Ukiugawa kwa nane, kila ncha ni digrii 45, haizidi wala haipungui. Kila kipande kikipungua digrii moja tu, zitapatikana 352, na nguo haitalala mezani: katikati itainuka kama kawa. Kikizidi digrii moja, zitakuwa 368, na kingo zitafanya mawimbi. Pasi haiponyi ugonjwa huu. Wengine huilowesha nguo wakaivuta kwa nguvu. Italala usiku mmoja, na siku itakapofuliwa itarudi kuwa kawa.

Mwezi wa Shaabani mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na doti ya kanga iliyokuwa ya mama yake, aliyefariki mwaka juzi. Alikuja kwangu kwa kuwa ajua kwamba wanafunzi wetu wakubwa madrasani huwafundisha kuchora kwa bikari. Ana mabinti watatu, na wote watatu wanaitaka kanga ya bibi. Kuipasua mapande matatu ni kuiharibu, na kumpa mmoja ni kuwaumiza wawili. Basi wakaafikiana kila mmoja ashonewe mfarishi mdogo wenye nyota moja, na nyota hiyo itokane na kanga ile. (Naweka hapa neno moja kwa watakaotaka kufanya kama hao: nguo za marehemu ni mirathi, kama zilivyo nyumba na shamba, kwa hiyo warithi wote waridhie kwanza ndipo mkasi ushikwe. Hawa walikuwa wamekwisha kuridhiana.) Kanga yenyewe imevaliwa sana, katikati imekonda, na sehemu zilizo nzima si nyingi. Nyota ya kwanza walikwisha kuishona wenyewe kwa kigezo cha boksi, ikatoka kawa. Kanga ya dukani ukiiharibu utanunua nyingine. Hiyo hainunuliwi popote.

Kigezo cha boksi, ambacho karibu kila nyumba hukitumia, kina aibu tatu. Penseli hupita nje ya ukingo wake, kwa hiyo kila kipande hunenepa kwa unene wa mstari. Tena ukingo wa boksi hulika. Kipande cha kumi si ndugu wa kipande cha kwanza. Na la tatu ndilo kubwa: penseli huivuta nguo inapopita, khasa pale panapokatwa mshazari. Nguo ina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio. Ukiivuta kwa kuufuata mtande haiendi, lakini ukiivuta kwa mshazari hurefuka kama mpira. Na kashata ya digrii 45 ndiyo yenye khatari hiyo, kwa sababu ukipanga pande zake mbili ziufuate mtande, zile mbili zilizobaki huangukia katika mshazari kamili. Haikwepeki. Kisha baada ya kuchora, kigezo huondolewa, na wakati wa kushona mshonaji hana kitu cha kumwongoza ila mstari hafifu juu ya nguo iliyokwisha kuvutika.

Basi dawa ni kigezo kisichoondoka, kikae juu ya nguo tangu kukata hata kushona. Fikira hii si mpya. Waingereza wana kitandiko cha hariri chenye tarehe ya mwaka 1718 iliyoshonwa juu yake, na ndicho kitandiko cha vipande cha zamani kabisa chenye tarehe kijulikanacho kwao. Vipande vyake vilikunjwa juu ya karatasi na kuungwa kwa mkono, na karatasi nyingine zimo ndani mpaka leo. Kazi hiyo ni nzuri lakini ni ya miaka, kwa kuwa kila kipande hushikizwa karatasi yake kwa sindano, kisha huungwa na mwenziwe kwa sindano.

Wamarekani waliirahisisha kwa kitu cha jikoni. Kwao iko karatasi nyeupe ya kufungia nyama kabla ya kuitia katika friza: upande mmoja ni karatasi ya kawaida, na upande wa pili umepakwa ngozi nyembamba ya plastiki ili damu na unyevu visipenye. Tangu miaka ya 1980 kwa uchache, washonaji wa huko wamezoea kuitumia kwa kazi nyingine kabisa. Ukiulaza upande wa plastiki juu ya nguo na kupitisha pasi kavu, plastiki hulainika na kushika nguo. Ikipoa, waweza kuibandua kwa ukucha, wala haiachi alama, na karatasi ile ile hubandikwa tena na tena. Watu hao si wageni kwetu katika khabari za nguo. Walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na nguo zao za pamba zilijaa Unguja hata jina la merikani likabaki katika vinywa vyetu mpaka leo. Basi si ajabu tukichukua kwao na karatasi.

Lakini isichanganywe na karatasi ya nta. Nta huyeyuka ikaingia katika nguo, na doa lake ni taabu kulitoa. Wala isichanganywe na karatasi ya kuokea mikate, maana hiyo imefanywa makusudi isishike kitu.

Tuanze na kuchora, na hapa ndipo wengi hukosea kabla hawajagusa nguo. Hutwaa rula wakapima kashata moja, kisha wakazidisha. Nyota hii haipimiki kwa rula. Katika mraba wa sentimita 30, upande wa kashata ni sentimita 8.8 kasoro kidogo, na hiyo kasoro kidogo haina mwisho, kwa kuwa ndani yake mna kipeo cha pili cha 2, ambacho hesabu yake haikomi. Lakini lile lisilojulikana na rula, bikari yalijua. Chora mraba wako upande wa karatasi usio na plastiki. Unganisha pembe kwa pembe upate kitovu, na upitishe pia mistari miwili ya katikati, wa wima na wa mlalo. Weka sindano ya bikari katika pembe moja ya mraba, uifungue mpaka kalamu iguse kitovu, kisha bila kuibadilisha vuta tao likate zile pande mbili zinazokutana katika pembe hiyo. Fanya hivyo kwa pembe zote nne. Utapata alama nane, mbili katika kila upande. Unganisha kila alama na mwenziwe anayeielekea upande wa pili. Halafu vuta mistari minne mirefu toka alama hata alama, sambamba na milalo ya mraba. Nyota itajitokeza yenyewe katikati ya mistari. Futa iliyozidi, na utabaki na vipande kumi na sita: kashata nane, miraba minne ya pembeni, na pembe tatu nne za ubavuni.

Kabla ya kukata, tia namba kila kipande, andika rangi yake, na chora mshale uonyeshao mtande uende wapi. Usitegemee kukumbuka. Kashata nane zafanana, lakini zilizokatwa kwa mkono hazilingani kabisa, na kila moja inamjua jirani yake wa kuume na wa kushoto. Kisha kata juu ya mstari wenyewe, bila ya akiba yoyote. Karatasi ni ya kipimo cha mwisho, kile kitakachoonekana baada ya kushonwa.

Washonaji wengine waangalifu huipitisha karatasi chini ya pasi mara moja kabla ya kuichora, kwa kuwa huweza kusinyaa kidogo kwa moto wa kwanza. Mimi naona ni vyema. Ni kazi ya dakika moja.

Sasa bandika kila karatasi katika mgongo wa nguo, plastiki ikitazama nguo, juu ya meza ngumu. Godoro la kupigia pasi likiwa laini, karatasi hushika katikati na kuachia kingo. Pasi iwe ya moto wa kati, bila maji wala mvuke, na uishindilie kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Usiisugue huku na huku. Kama unataka ua fulani la kanga lije katikati ya kashata, mathalan ile korosho, ishike nguo mbele ya dirisha, uone ua kwa nyuma, ndipo uweke karatasi. Halafu kata nguo ukiacha robo inchi kuzunguka karatasi, ambayo ni milimita sita na kitu. Robo hiyo ikizidi au kupungua kidogo hakuna dhara, na hapa ndipo ilipo siri yote ya njia hii: mshono haufuati ukingo wa nguo wala mguu wa cherehani, waufuata ukingo wa karatasi. Ule mzigo wa milimita tuliouhesabu mwanzoni hautui tena mkononi mwa mkataji.

Katika kushona, weka kashata mbili uso kwa uso, karatasi zikiwa nje pande zote mbili. Chomeka pini iliyosimama wima katika ncha ya karatasi ya juu, na uigeuze kazi utazame imetokea wapi. Ikitokea katika ncha ya karatasi ya chini, sawa. Ikitokea pembeni, toa uanze tena. Fanya hivyo na mwisho wa pili, ndipo utie pini za kushikiza. Shona karibu na karatasi kadiri ya uzi mmoja, sindano isiitoboe, kwa kuwa karatasi iliyoshonewa ndani haitoki ila kwa kuchanwa, na kuchanwa hulegeza mshono. Anza katika ncha ya katikati ya nyota, ukome pale karatasi inapokoma, urudishe nyuma mishono miwili ukate uzi. Usiendelee mpaka ukingo wa nguo. Mahali hapo pa wazi ndipo utakapoingia mraba au pembe tatu, na ukipafunga hutaweza kuuketisha.

Unga mbili mbili, kisha nne nne. Ukipata nusu ya nyota, isimamishe kazi kabisa na ulete rula. Ncha nne za digrii 45 hufanya 180, yaani mstari ulionyooka. Rula ikilala sawa juu ya ukingo wa karatasi toka upande hata upande, endelea. Ikiacha mwanga, fumua sasa, kungali na mishono mitatu tu ya kufumua. Mshono wa mwisho hupita katikati toka nusu hata nusu. Hapo katikati matabaka ya nguo hufika kumi na sita, na yote yakielekea upande mmoja hufanya uvimbe. Kwa hiyo akiba za mishono zilazwe kwa kuzunguka, kila moja ikimfuata mwenziwe kama mapanga ya feni. Miraba na pembe tatu huingizwa baadaye, na kila mshono wake uanze pembe ya ndani ukielekea nje.

Karatasi isitolewe mapema. Kipande ambacho jirani zake wote hawajashonwa bado kina ukingo wa mshazari ulio wazi, na karatasi ndiyo inayouzuia usivutike. Kikishazungukwa pande zote, bandua.

Kuna jambo la kugeuka ambalo huwanasa hata wajanja. Karatasi hukaa mgongoni, kwa hiyo picha uliyoichora hutokea usoni imegeuka, kuume kuwa kushoto. Nyota haidhuriki, maana kuume kwake na kushoto ni kumoja. Lakini mtu akichora jahazi linaloelekea kusini, litashonwa likielekea kaskazini, na akichora herufi, hazitasomeka. Mafundi wa vigae wa Fez nchini Moroko wanaijua hali hii tangu zamani: hupanga vigae vyao uso chini, rangi haionekani, kisha humwaga chokaa juu ya mgongo, na kazi yao huiona baada ya kuinuliwa. Asiyekuwa na ubongo wa namna hiyo achore kwanza katika karatasi nyembamba, aigeuze dirishani, ndipo anakili.

Katika Marekani wako walioifikisha njia hii mbali. Ruth B. McDowell, aliyesoma katika chuo cha MIT, huunga majani, wanyama na miti ya vipande visivyofanana hata kimoja, akitumia karatasi hii na alama ndogo zinazovuka mstari ili vipande vijuane. Judy Mathieson amejulikana kwa dira za mabaharia, zenye ncha nyembamba kama sindano, ambazo kwa kigezo cha boksi mtu angekufa kwa hasira. Wengine hushona juu ya karatasi yenyewe na kuichana baadaye. Njia hiyo ni ya haraka, na kwa vitu vidogo yafaa. Kwa kanga kuukuu siishauri.

Asiye na jamaa wa kumletea karatasi hii ajaribu ganda la nje la bunda la karatasi za A4. Baadhi ya maganda hayo yamepakwa plastiki kwa ndani na hushika nguo vivyo hivyo. Mengine hayashiki kabisa. Jaribu kwanza katika kitambaa kisicho na thamani, na usibandike upande wenye maandishi, usije ukahamisha wino. Pasi ya mkaa nayo yataka tahadhari, kwa kuwa moto wake haupimiki: ikizidi, plastiki hung'ang'ania. Na kanga za siku hizi nyingine zina polista ndani yake, nazo huungua kwa moto ambao pamba haiusikii. Nguo zote zifuliwe kabla ya kukatwa, zitoe rangi na kusinyaa mapema.

Wale mabinti watatu walitumia ganda la bunda la karatasi za mtihani wa madrasa. Nyota ya pili ililala mezani siku ile ile, na ya tatu imelala. Ile ya kwanza iliyotoka kawa hatukuitupa. Tuliifumua, tukachora nyota ndogo zaidi katika mraba wa sentimita 24, ambayo kashata yake ina upande wa sentimita 7 na kidogo, na kila karatasi ikapata nafasi ndani ya kipande kilichoharibika. Binti mkubwa alisema hiyo ndogo ataichukua yeye, wadogo zake wachukue kubwa. Amekwisha kuunga nusu yake, rula imelala sawa, na karatasi nne zilizobaki zimo ndani ya bahasha, zikiwa na namba zake.